Gharama ya Moyo Mpya: Historia ya Kirusi cha BK na Somo Lake Kwetu

Jamii zetu zina desturi ya kukumbuka siku ya uzinduzi na kusahau siku zinazofuata. Tunaikumbuka siku ya kukata utepe, jina la mgeni rasmi na mabilioni yaliyotajwa jukwaani. Miaka mitano baadaye ni wachache wanaouliza kama mashine iliyozinduliwa bado inafanya kazi. Desturi hiyo si ya Tanzania peke yake, wala si ya wanasiasa peke yao. Historia ya upandikizaji wa viungo vya binadamu, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama mfululizo wa ushindi wa madaktari bingwa, nayo imeandikwa kwa mtindo huo huo wa siku za uzinduzi. Katika makala haya nakusudia kuisimulia kutoka upande wa pili, yaani yale yaliyotokea baada ya waandishi wa habari kuondoka, na hasa yaliyozipata figo za mtu aliyepewa moyo au mapafu ya mtu mwingine.

Mimi si tabibu, na msomaji asitafute humu ushauri wa tiba. Naisoma historia hii kama mwanafunzi wa jamii na siasa. Nimeichagua kwa sababu nchi yetu nayo imeingia katika zama za upandikizaji, na kwa sababu ndani ya kisa hiki kuna Msudani mmoja ambaye ulimwengu wa sayansi unamtaja kila siku bila kumjua.

Siku 18, mara mbili

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray na wenzake walitoa figo moja kwa kijana mmoja wakampa pacha wake. Kwa kuwa walikuwa mapacha wa kufanana, mwili wa mpokeaji haukuitambua figo ile kuwa ni ngeni. Murray alikuja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, lakini ushindi wake wa 1954 uliliacha swali kuu bila jibu: wasio na pacha wafanye nini? Mwili una askari wake, na askari hao hawajui kutofautisha mvamizi na msaada ulioletwa kwa nia njema. Wakikiona kiungo kigeni, hukishambulia mpaka kife.

Jibu la kwanza lenye manufaa lilikuwa dawa ya azathioprini, iliyotokana na kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, ambao nao walipata Nobel mwaka 1988. Dawa hii ilianza kutumika kwa wagonjwa wa figo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi yake ilikuwa kuwapumbaza askari wa mwili ili kiungo kigeni kipate kuishi. Kuanzia hapo madaktari wakapata ujasiri wa kugusa viungo vingine.

Tarehe 11 Juni 1963, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Mississippi mjini Jackson, Daktari James Hardy alipandikiza pafu kwa binadamu kwa mara ya kwanza. Mpokeaji alikuwa mfungwa wa maisha aliyehukumiwa kwa kosa la mauaji. Alikuwa na saratani katika pafu la kushoto, na figo zake tayari zilikuwa mbovu. Kabla ya upasuaji, Hardy aliwasiliana na wakuu wa serikali ya jimbo, nao wakaonyesha kwamba mchango wa namna hiyo kwa maendeleo ya binadamu ungetazamwa kwa jicho jema. Uzito wa ridhaa ya mtu aliye nyuma ya nondo ni jambo ambalo wanafalsafa wa maadili wanaweza kulijadili mpaka kuche. Usiku ule ule, mwanaharakati wa haki za watu weusi Medgar Evers alipigwa risasi nje ya nyumba yake katika mji huo huo, akakimbizwa katika hospitali hiyo hiyo, akafia humo. Jengo moja lilibeba kwa usiku mmoja matumaini makubwa ya tiba na aibu kubwa ya siasa.

Mfungwa yule aliishi siku 18. Pafu jipya halikumuua. Zilizomuua ni figo, ambazo zilishindwa kabisa kufanya kazi.

Miaka minne baadaye, tarehe 3 Desemba 1967, macho ya dunia yalihamia Cape Town. Katika hospitali ya Groote Schuur, Daktari Christiaan Barnard alimpandikiza moyo Louis Washkansky. Huyu naye aliishi siku 18. Moyo wake mpya uliendelea kupiga, lakini kinga ya mwili wake ilikuwa imeshushwa mno kwa dawa, na tarehe 21 Desemba akafa kwa nimonia.

Yako mambo mawili ya Cape Town ambayo husahaulika. La kwanza ni kwamba figo moja ya binti wa Kizungu aliyetoa moyo ule ilipewa mtoto wa miaka 10 ambaye sheria za ukaburu zilimweka katika kundi la Machotara. La pili ni kwamba mgonjwa wa pili wa Barnard, Philip Blaiberg, alipokea Januari 1968 moyo wa mtu wa kundi hilo hilo la Machotara, akaishi nao zaidi ya miezi 19. Sheria zilizowakataza watu hawa kukaa ufukwe mmoja hazikuwa na kifungu cha kuuzuia moyo wa mmoja usipige ndani ya kifua cha mwingine. Mwili wa Blaiberg haukumuuliza mtoaji rangi yake. Ulichotaka kujua ni kama protini zake zinafanana na zake.

Naomba msomaji aviweke vifo hivi viwili sambamba. Mmoja aliuawa na figo, mwingine aliuawa na maambukizi. Kwa miaka mingi madaktari waliyatazama mambo haya kama maadui wawili wenye njia tofauti. Ilichukua takriban miongo minne kwa wao kuthibitisha kwamba, kwa baadhi ya wapokeaji wa moyo na mapafu, maadui hao hukutana mahali pamoja: maambukizi ndani ya figo yenyewe.

Mtu aliyebaki herufi mbili

Tarehe 19 Juni 1971, jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha makala fupi kuhusu kirusi kipya kilichopatikana katika mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo. Mgonjwa huyo alikuwa Msudani aliyekuwa akitibiwa London. Mrija unaopeleka mkojo kutoka kwenye figo mpya kwenda kwenye kibofu ulikuwa umesinyaa na kuziba. Makala haikumtaja jina. Ilimtambulisha kwa herufi mbili tu, B.K., na herufi hizo ndizo zilizokuwa jina la kirusi hadi leo.

Ugunduzi ule ulikuwa kwa sehemu kubwa kazi ya wanawake. Dulcie Coleman, bingwa wa kusoma seli, aliona katika mkojo wa mgonjwa yule seli zenye viini vilivyovimba, ambazo jicho lisilo na uzoefu lingeweza kuzidhania za saratani. Anne Field akazipeleka chini ya hadubini ya elektroni na kuona zimejaa vipande vidogo vya mviringo vya kirusi. Sylvia Gardner, mtaalamu wa virusi katika maabara ya afya ya umma ya Colindale, akakiotesha kirusi maabara na kuongoza uandishi wa makala pamoja na wenzake hao na Daktari Hulme. Katika toleo lilo hilo la Lancet, watafiti wa Wisconsin nchini Marekani walitangaza ndugu wa kirusi hiki, kilichotolewa kwenye ubongo wa mgonjwa mwingine. Nacho kikaitwa kwa herufi mbili za jina la mgonjwa: JC.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha jambo la kushangaza. Kirusi cha BK hakikuwa kigeni wala adimu. Alama za kinga dhidi yake zimekutwa katika damu ya watu wazima wengi mno, zaidi ya asilimia 80 katika tafiti nyingi. Huingia mwilini utotoni, aghalabu bila dalili yoyote, kisha hujificha katika figo na njia za mkojo kwa maisha yote. Kwa mtu mwenye kinga kamili, BK ni mpangaji asiyelipa kodi lakini asiyevunja kitu. Kwa hesabu hiyo, huenda wewe unayesoma na mimi ninayeandika sote tunaye.

Afrika Mashariki nayo imo katika kumbukumbu hizi. Mwaka 1995, timu ya watafiti iliyowajumuisha Watanzania na Wamarekani ilichapisha taarifa kuhusu mkojo wa watu wenye VVU katika maeneo ya vijijini nchini Tanzania. Walikuta humo kirusi cha BK pamoja na aina mpya ya kirusi cha JC, ambayo leo wataalamu huiita aina ya 3. Wanasayansi wamekuwa wakitumia tofauti za aina hizo kufuatilia njia za uhamaji wa binadamu katika mabara. Mkojo wa mwanakijiji wa Tanzania umekuwa waraka wa historia kwa wasomi wa ng'ambo, na sidhani kama yuko mwalimu wa historia wa sekondari aliyepata kuambiwa hivyo.

Turudi kwa B.K. Kutumia herufi za mwanzo kulikuwa njia ya kumsitiri mgonjwa, na nia hiyo haina lawama. Hata hivyo, sitara inaweza pia kuwa njia ya kusahau. Mwaka 1951, seli za Henrietta Lacks, mwanamke mweusi wa Marekani, zilichukuliwa Baltimore bila ridhaa yake, zikaitwa HeLa, zikatumika kote duniani, na familia yake ikakaa miaka mingi bila kujua. Kisa cha Msudani si sawa na hicho, kwa kuwa yeye alikuwa akitibiwa na mkojo wake ulichunguzwa kwa ajili ya tiba yake. Linaloyaunganisha mambo haya ni mgawanyo wa kumbukumbu. Aliyeshika kisu huingia katika vitabu kwa jina kamili, aliyeshika hadubini huingia kwa nadra, na aliyelala kitandani huingia kwa herufi zake. Mfungwa wa Mississippi, mtoto wa Cape Town na Msudani wa London wote walilipa sehemu ya gharama ya elimu ambayo leo inaokoa maisha ya matajiri na maskini. Ni haki tuandike historia inayokumbuka hivyo.

Udongo wa Norway na figo za Stanford

Mwaka 1968, baada ya Cape Town, hospitali nyingi duniani zilikimbilia kupandikiza moyo. Zaidi ya mioyo 100 ilipandikizwa katika mwaka huo mmoja, na wengi wa wapokeaji hawakuishi muda mrefu. Shamra zikaisha, hospitali nyingi zikaacha kimyakimya. Waliobaki kazini walikuwa wachache, akiwamo Norman Shumway wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye aliendelea kutafiti namna ya kuukinga moyo mpya usikataliwe wakati dunia imekwisha kuhamisha macho yake.

Msaada ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Basel, Uswisi, alichota udongo katika uwanda wa Hardangervidda nchini Norway akiwa likizoni. Kampuni ilikuwa na desturi ya kuwaomba wafanyakazi wake walete udongo kutoka popote walipotembelea, ili itafute kuvu zenye uwezo wa kuua vijidudu. Kutokana na kuvu iliyopatikana humo, watafiti wa Basel, akiwamo Jean-François Borel, walipata siklosporini, dawa iliyoshusha kinga kwa shabaha nzuri zaidi kuliko zilizoitangulia. Roy Calne wa Cambridge aliijaribu kwa wagonjwa mwaka 1978, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1983. Mnamo Machi 1981, wakiwa na dawa hiyo mkononi, Bruce Reitz na wenzake wa Stanford waliweza kupandikiza moyo na mapafu kwa pamoja, na mgonjwa akaishi kwa miaka kadhaa. Upandikizaji wa moyo ulifufuka.

Furaha hiyo haikudumu muda mrefu bila doa. Mwaka 1984, Bryan Myers na wenzake, pale pale Stanford, walichapisha uchunguzi wa wapokeaji wa moyo waliokuwa wametumia siklosporini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Uwezo wa figo zao kuchuja damu ulikuwa karibu nusu ya ule wa wenzao waliotumia azathioprini. Dawa iliyoulinda moyo ilikuwa ikizikausha figo polepole.

Ukubwa wa tatizo ulidhihirika mwaka 2003, Akinlolu Ojo na wenzake walipochapisha hesabu za watu 69,321 waliopandikizwa viungo visivyo figo nchini Marekani kati ya 1990 na 2000. Asilimia 16.5 kati yao walipata ugonjwa sugu wa figo. Ndani ya miaka mitano, hatari hiyo ilikuwa asilimia 10.9 kwa waliopandikizwa moyo na asilimia 15.8 kwa waliopandikizwa mapafu. Watu hawa walikuwa wameponea kwenye moyo au mapafu, wakaja kuanguka kwenye figo.

Mshukiwa wa pili

Kuanzia 1984, figo ya mpokeaji wa moyo au mapafu ilipodhoofu, mshukiwa alijulikana kabla ya uchunguzi kuanza: dawa. Mara nyingi ushahidi uliunga mkono tuhuma hiyo. Lakini mpelelezi mwenye mshukiwa mmoja tu huacha kutazama wengine, na kuchukua kipande cha figo kwa sindano ili kukichunguza ni jambo linalosumbua, hasa kwa mgonjwa ambaye tayari ana mzigo wa kutosha. Kwa hiyo figo nyingi zilihukumiwa bila kusikilizwa.

Mwanga ulitoka kwa wagonjwa waliopandikizwa figo. Katika miaka ya 1990 zilianza kutumika dawa zenye nguvu zaidi. Mojawapo ilikuwa takrolimasi, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa karibu na mlima Tsukuba nchini Japani na kuingizwa katika tiba ya upandikizaji mjini Pittsburgh mwaka 1989. Nyingine ilikuwa mikofenoleti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Viungo vikawa havikataliwi kwa urahisi kama zamani, lakini mpangaji mkimya akaamka. Madaktari wa Pittsburgh, na baadaye wa Basel na kwingineko, walianza kuona figo mpya zinazoharibiwa na kirusi cha BK. Seli za mirija ya figo zilikufa, zikajitenga na ukuta, na makovu yakachukua nafasi yao. Inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 1 na 10 ya wanaopandikizwa figo hupata ugonjwa huu.

Hapa lilijitokeza tatizo ambalo mtu wa siasa anapaswa kulisoma mara mbili. Chini ya hadubini, uharibifu wa kirusi na uharibifu wa kinga inayoikataa figo hufanana sana. Kote kuna seli za kinga zilizovamia tishu. Daktari akidhani mwili unaikataa figo, huongeza dawa za kushusha kinga. Kama kumbe ni kirusi, kuongeza dawa ni kumpa adui silaha. Figo huzidi kudhoofu, daktari huongeza tena dawa, na kila hatua huonekana ni ya busara kwa kipimo cha dhana ya kwanza. Nimesoma ripoti nyingi za sera katika nchi zetu ambazo zimefuata njia hii hii: utambuzi wenye makosa, tiba iliyotekelezwa kwa uaminifu, hali inayozorota, kisha dozi kubwa zaidi ya tiba ile ile.

Suluhisho lilihitaji kipimo kilicho bora. Mwaka 2000, Volker Nickeleit na wenzake wa Basel walionyesha kwamba vinasaba vya kirusi vinaweza kupimwa katika damu ili kuubaini ugonjwa, na mwaka 2002 Hans Hirsch na wenzake wa mji huo huo waliwafuatilia wapokeaji wa figo 78 na kuonyesha kwamba kirusi huonekana kwanza katika mkojo, halafu katika damu, ndipo figo huharibika. Mji uliotoa siklosporini ndio pia uliosaidia kuupata mtego wa kirusi kilichonufaika na dawa za aina hiyo. Tangu hapo, kupima damu ya wapokeaji wa figo mara kwa mara, hasa katika miezi ya mwanzo, kumekuwa sehemu ya utaratibu wa kawaida.

Ndipo zamu ya moyo na mapafu ikafika. Mwaka 2005, madaktari wa Hannover, Ujerumani, walichapisha taarifa ya mgonjwa aliyepandikizwa mapafu ambaye figo zake za kuzaliwa zilishambuliwa na kirusi cha polioma, jamii ambayo BK ni mmoja wake. Mwaka 2006, madaktari wa Halifax, Kanada, wakaeleza kisa cha mpokeaji wa moyo aliyepatwa na ugonjwa wa figo wa BK. Visa vingine vikafuata, vikiwamo vya watoto. Bado ni vichache. Wapokeaji wengi wa moyo na mapafu hukutwa na kirusi katika mkojo bila figo zao kuharibika, na ndiyo maana hawapimwi wote kwa utaratibu kama wenzao wa figo. Wataalamu wanadhani kwamba figo iliyotolewa mwili mmoja na kutiwa katika mwingine, ikiwa imejeruhiwa na upasuaji na kukaa bila damu, humpa kirusi mlango ambao figo ya kuzaliwa haimpi kwa urahisi.

Uchache wa visa haupaswi kutufariji sana. Kisichotafutwa hakionekani. Mgonjwa wa moyo ambaye figo zake zinadhoofu na hakupimwa BK huandikwa katika hesabu ya walioathiriwa na dawa, na kaburi lake halina maandishi ya kirusi.

Njia panda ya daktari

Ugonjwa huu hauna dawa ya virusi iliyoidhinishwa mahususi kwa ajili yake. Tiba kuu ni moja: punguza dawa za kushusha kinga ili askari wa mwili waamke na kumkabili kirusi. Kwa aliyepandikizwa figo, hatari ya hatua hiyo inabebeka. Askari wakiamka kupita kiasi na kuikataa figo, mgonjwa hurudi kwenye mashine ya kusafisha damu na kusubiri figo nyingine. Ni msiba, lakini si kifo.

Kwa aliyepandikizwa moyo, hakuna mashine ya kurudia. Kupunguza dawa ili kuziokoa figo ni kuuweka moyo rehani. Kuiacha dozi ilivyo ili kuulinda moyo ni kuziachia figo zife. Mapafu ni magumu zaidi, kwa kuwa hukataliwa kwa urahisi na wapokeaji wake huhitaji dozi kubwa. Anachoweza daktari ni kupunguza kidogo, kupima, kusubiri, kupima tena. Hakuna amri moja inayomaliza kazi. Tiba hapa ni utawala wa vipimo na subira, na huendelea kwa miaka.

Sisi na siku zinazofuata

Mnamo Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao wa India. Mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, kwa ushirikiano na Wajapani. Kwa taifa lililokuwa likiwapeleka wagonjwa wake India kwa gharama kubwa, hizo ni hatua za kujivunia, na ninawapongeza wote waliozifanikisha. Upandikizaji wa moyo na mapafu bado ni safari ya mbele yetu. Lakini historia niliyoisimulia inatutaka tuulize maswali mapema.

Mgonjwa aliyepandikizwa kiungo hameza dawa za wiki mbili. Humeza za maisha yote. Anahitaji kupimwa kiwango cha dawa katika damu, kupimwa figo, kupimwa virusi, na kuwa na mtaalamu anayeweza kusoma kipande cha figo chini ya hadubini na kutofautisha kirusi na kukataliwa. Je, vitendanishi vya vipimo hivi vina fungu la kudumu katika bajeti, au vinategemea msaada wa mwaka huu? Je, mgonjwa anayeishi Kigoma au Lindi atapimwa huko huko, au atapanda basi kila mwezi hadi mauzo ya mahindi yaishe? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imepitishwa. Je, kitita chake kitambeba mgonjwa huyu katika mwaka wake wa saba, wakati hakuna tena mwandishi wa habari mlangoni?

Atatokea mtu aseme kwamba haya ni mambo ya anasa katika nchi ambayo malaria bado inaua watoto. Hoja hiyo ina uzito na siikwepi. Figo nyingi zinazokufa kwetu zinaharibiwa na kisukari na shinikizo la damu, magonjwa yanayoweza kutambuliwa katika zahanati ya kata. Mioyo ya vijana wetu wengi imeharibiwa na homa ya baridi yabisi inayoanza na maambukizi ya koo, ambayo penisilini ya bei nafuu ingeyatibu. Anayetaka kupunguza foleni ya kupandikiza moyo aanzie hapo. Hata hivyo, hoja hii haiwezi kuwa kisingizio cha kumtelekeza aliyekwisha kupandikizwa. Taifa likimpa mtu kiungo, limeingia naye mkataba. Kama gharama ya mkataba ni kubwa mno, wakati wa kusema hivyo ni kabla ya upasuaji, kwa hesabu zilizo wazi, na si baada yake kwa kukosekana kwa dawa dirishani.

Habari njema ni kwamba hatuanzi kutoka sifuri. Mapambano dhidi ya UKIMWI yametuachia maabara na wataalamu wanaojua kupima wingi wa kirusi katika damu, na kanuni ya kupima BK ni ile ile ya kuzidisha vinasaba. Tunacho pia chanzo cha maarifa yetu wenyewe. Wapokeaji wa figo wa Muhimbili na Dodoma, kwa ridhaa yao na kwa kusitiriwa kwa haki, wanaweza kufuatiliwa na watafiti wa vyuo vyetu ili tujue kirusi hiki kinavyoishi katika miili ya watu wa hapa, wenye malaria, wenye VVU, wenye lishe yetu. Mwaka 1971 Mwafrika aliingia katika historia ya kirusi hiki kama mkojo katika chupa ya maabara. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na inatosha kwa Waafrika kuingia humo kama waandishi wa makala.

Nakaribisha mjadala, hasa kutoka kwa matabibu, watu wa maabara na wale wote wanaoishi na viungo vya kupandikizwa. Wao wanazijua siku zinazofuata kuliko sisi.